Vifaa vya bomoabomoa au vipya vya dukani? Ulinganisho kwa anayeongeza nyumba Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na zaidi baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, nyumba za zamani za katikati ya mji zimekuwa zikishushwa ili majengo makubwa yapande. Kwenye kiwanja kinachobomolewa utakuta milango imeegemezwa ukutani, madirisha ya chuma yamepangwa chini, mabati yamelundikwa, na kijana amekaa kivulini anasubiri wateja. Wakati huohuo huku Nkuhungu, Miyuji, Iyumbu na Nala watu wanaongeza vyumba, wanafunga baraza, wanajenga majiko ya nje. Swali ni lilelile kila mahali: ninunue vya bomoabomoa au niende dukani?

Wengi wanalijibu kwa bei peke yake, na bei peke yake inapotosha. Mimi naangalia jambo jingine kwanza. Kuna vitu ambavyo vikishakaa miaka arobaini vinakuwa vimemaliza kubadilika: mbao ngumu, tofali lililoiva, jiwe. Na kuna vitu ambavyo kila mwaka vikitumika vinapungua: bati, nyaya, mabomba. Kundi la kwanza nunua la zamani na usiogope. La pili lipia jipya hata kama mfuko unauma. Madirisha ya chuma yako katikati, na nitayafikia.

Nachukulia mradi ambao wengi tunao: nyumba ipo, unataka kuongeza upande wa nyuma jiko la nje, stoo na baraza yenye paa. Milango miwili, madirisha mawili au matatu, kuta fupi na paa la bati.

Milango na fremu

Hapa vya zamani vinashinda, na sababu kubwa ni hewa yetu. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua, upepo na ukavu. Mbao mpya tunazouziwa kwa wingi ni za paini na milingoti kutoka Mafinga, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill, huko nyanda za juu kwenye baridi na ukungu. Zinapasuliwa, zinapakiwa kwenye lori, zinateremka Iringa na kupita Mtera zikiwa bado na maji ndani yake. Zikifika hapa zinaendelea kukauka zikiwa tayari zimeshakuwa mlango. Ndiyo maana mlango uliojaa vizuri kwenye fremu mwezi wa tatu, ukifika wa tisa unaacha mwanya wa kupitisha kidole, ubao wa kati umepasuka na kitasa hakifiki kwenye tundu lake. Fundi hana kosa. Mbao ilikuwa haijamaliza kucheza.

Mlango wa mninga uliotoka kwenye nyumba ya miaka ya sabini umeshamaliza kucheza, tena umechezea hapahapa, kwenye jua hilihili. Mninga wenyewe hata ukiwa mpya hausinyai sana wala kupindapinda, na ndiyo sifa iliyowafanya maseremala waupende. Mkongo na mvule nao ni wa kuaminika. Lakini mninga mpya leo ni ghali, unatoka mbali kwenye misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi, na mti wenyewe hukua polepole mno. Inaniuma nikiona mlango wa namna hiyo unapasuliwa kuni kwa sababu tu rangi yake imebanduka.

Shida ni kwamba kila muuzaji atakuambia wake ni mninga.

"Mama, huu ni mninga mtupu. Muulize mtu yeyote hapa."

"Sawa kaka. Naomba nikwangue kidogo hapa juu."

Ukimruhusu muuzaji achague mahali pa kukwangua, atakuonyesha panapopendeza. Chagua wewe, na mahali pazuri ni ukingo wa juu kabisa wa mlango, ambapo fundi wa rangi huwa hafiki. Mninga utakuonyesha kahawia yenye wekundu, mara nyingi na michirizi iliyokoza. Mkongo ni mwekundu zaidi na ni mzito, utausikia ukijaribu kuunyanyua upande mmoja. Mvule huanzia njano na kuishia kahawia. Ukiona weupe wa manjano wenye macho ya vifundo, hiyo ni paini, na mlango wa paini wa zamani hauna faida yoyote kuliko mpya.

Kisha shuka chini. Chukua bisbisi na udunge ukingo wa chini, hasa kwenye pembe. Ikizama bila nguvu, mchwa au unyevu umeshapita. Angalia matundu madogo ya dumuzi: tundu lenye unga mweupe mpya chini yake lina mkaaji, tundu safi lililojaa vumbi la zamani limehamwa. Tikisa mlango kwa pembe mbili, uone kama viungio vinalia. Viungio vilivyolegea vinarekebishika kwa gundi na vigingi. Ubao ulioliwa haurekebishiki.

Fremu ni habari nyingine kidogo. Fremu za zamani zilichimbiwa sakafuni, kwa hiyo miguu yake ndiyo huliwa kwanza. Ukikata shubiri moja kila upande, fremu ya futi saba inabaki kama sita na robo. Usiitupe. Mwambie fundi aitegemeze juu ya kizingiti cha zege kilichonyanyuliwa, na urefu utarudi. Tena hapo itadumu kuliko mwanzo, kwa kuwa mbao haitagusa tena udongo.

Kuna gharama ambazo muuzaji hatakutajia. Seremala atatoza kupiga randa na msasa, na ana haki ya kutoza zaidi, kwa sababu msumari mmoja uliojificha unaweza kuharibu kisu cha randa. Bawaba na kitasa nunua vipya. Na kuhusu rangi, hapa naomba unisikilize: rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake lina madhara makubwa kwa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Ilowanishe, ikwangue ikiwa mbichi, fanya kazi hiyo nje mbali na watoto na mifugo, kusanya mabaki yote uyafunge.

Jambo la mwisho kuhusu milango ndilo linalowagharimu watu wengi. Ukinunua mlango mpya, unajenga tundu la ukuta kwanza, kisha unaagiza mlango wa kulitosha. Ukinunua wa zamani, unapindua utaratibu: mlango na fremu viwepo uani kabla fundi hajapandisha ukuta, naye apime tundu kutoka kwenye fremu. Wanaosahau hili huishia kupunguza mlango wa mninga mpaka kiungio chake kinakatika.

Paa

Bati la zamani si sawa na mlango wa zamani. Bati limefunikwa na zinki, na zinki hiyo inaliwa kila mwaka ili chuma kilicho ndani kisile kutu. Ikiisha, kutu inaingia, na rangi haiwezi kuirudisha.

Mvutano hapa ni kwamba mabati ya zamani mengi yalikuwa mazito kuliko tunayouziwa leo. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Mtu anayelinganisha bati la zamani la geji 28 na jipya la 32 anaweza kusema kwa haki kwamba la zamani ni chuma zaidi. Ni kweli, lakini lina matundu. Kila mstari wa papi, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, wa nyumba lilikotoka uliacha mstari wa matundu, na papi zako hazitakaa mahali palepale. Watu wanaziba kwa lami. Lami kwenye jua la Dodoma hukauka na kupasuka, na mvua ya kwanza ya kifuku ndiyo itakayokuonyesha matundu ambayo hayakuzibwa vizuri.

Ukiwa umeshikilia kununua ya zamani, inua bati mbele ya jua, wewe ukiwa chini yake, uone nuru inapopenya. Halafu angalia kingo zilizokuwa zimelaliana na jirani yake. Maji hubanwa pale kwenye mapishano, na kutu hujificha hapo wakati katikati ya bati panang'aa. Hakikisha yote yametoka kwenye paa moja, kwa sababu mawimbi yakitofautiana hayalaliani, na upepo wa mwanzo wa mvua utayanyanyua.

Uamuzi wangu: paa la mahali anapolala mtu, au panapokaa unga na mahindi, liwe la bati jipya la geji 28 au 30. Bati la zamani lipe kazi ya banda la kuku, stoo ya mkaa au uzio.

Mbao za kenchi (zile zinazounda umbo la paa) na papi nazo nachukua mpya, zilizotiwa dawa, kwa kuwa unahitaji urefu unaolingana, na mbao za paa zilizong'olewa huja vipandevipande vimejaa misumari. Lakini nguzo za baraza ni kinyume chake kabisa. Boriti nzito ya mbao ngumu iliyobeba paa la watu wengine kwa miongo kadhaa itabeba la kwako, na inapendeza kuliko nguzo ya paini iliyopakwa vanishi. Itoboe kwa drili kabla ya kupiga msumari, la sivyo msumari utapinda. Isimamishe juu ya zege, isizame ardhini.

Watu huuliza pia kuhusu vipande vya nguzo za umeme. Kama vimepatikana kwa halali na ni vizima, kwa nguzo za uzio vinafaa, kwa sababu vimetiwa dawa nzito ya kuzuia mchwa. Dawa hiyohiyo ndiyo sababu ya kutovitumia jikoni. Mabaki yake yasiingie kwenye mafiga hata siku moja: nguzo nyingi za kijanikijani zina dawa yenye aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu.

Ukuta: tofali la kuchoma la zamani, au bloku mpya?

Bloku ya saruji inasifika kwa kunyooka na kujenga haraka. Tatizo lake hapa kwetu ni maji. Bloku inahitaji kumwagiliwa walau wiki nzima baada ya kufyatuliwa, na mji huu maji ni ya mgawo na ya kununua. Mfyatuaji anayebana matumizi anaimwagilia siku mbili, jua linaikausha, na wewe unaletewa kitu ambacho ukikwangua kwa ufunguo kinatoa mchanga. Ukinunua bloku, nenda kiwandani mwenyewe, uone kama wanafunika na kumwagilia.

Tofali la kuchoma la zamani limeshajieleza lenyewe. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, mabichi hutoa sauti ya udongo. Liangushe kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Liloweke usiku kucha, asubuhi uone kama pembe zimelainika. Likifaulu hapo, ni bora kuliko bloku nyingi za barabarani, na kwa jiko la nje lina faida zaidi kwa sababu limeshazoea moto.

Kinachoamua faida ni udongo uliolishika. Nyumba iliyojengwa kwa matope, matofali yake yanaachana kwa nyundo ndogo na watoto wa jirani wanaweza kuyasafisha kwa siku chache. Iliyojengwa kwa saruji kali, tofali linavunjika kabla saruji haijatoka. Kwa hiyo usinunue lundo. Nunua kwa hesabu ya matofali yaliyosafishwa, lililovunjika likiwa la muuzaji. Safu za chini kabisa za ukuta wa zamani ziache, hasa ukiona unga mweupe: hiyo ni chumvi iliyopanda kutoka ardhini, na ukiipeleka kwenye ukuta wako itabandua lipu mpya. Siku ya kujenga, yaloweke kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji na kuuacha bila nguvu.

Tofali jipya la kuchoma ndilo ninaloliweka mwisho. Tanuri moja linakula kuni nyingi, na miti ya mkoa huu si ya kuchezea.

Kifusi cha zege na mawe kutoka bomoabomoa ni kizuri cha kujazia chini ya jamvi (sakafu ya zege) la baraza, mradi usichanganye na lipu laini, udongo na vipande vya mbao. Mbao iliyofukiwa chini ya sakafu ni karamu ya mchwa.

Madirisha

Madirisha ya chuma ya zamani, yale ya kufunguka nje yenye vioo vidogovidogo, yamedharaulika tangu aluminiamu ilipoingia. Nadhani tumewahi mno. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, kwa jinsi lilivyo, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu ya upana wake, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. La chuma linafunguka lote. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto linapokaza, hiyo nusu nyingine unaihitaji. Reli za chini za aluminiamu nazo hujaa vumbi letu jekundu hadi kioo kinakwama.

Kwa upande mwingine, aluminiamu haishiki kutu, ni nyepesi, haihitaji rangi, na wavu wa mbu unakuja nayo. La chuma utalipia kukwangua (tahadhari ya rangi ni ileile ya milango), utalipia fundi wa kuchomelea kipande cha chini kilicholiwa, vioo vilivyopasuka, na fremu ya wavu ya kufunga ndani. Kama kutu imekula zaidi ya ukingo wa chini, achana nalo. Kama ukingo wa chini pekee ndio wenye tatizo na bawaba zinazunguka, chukua. Kwa jiko la nje lenye moshi mimi sitafuti kingine. Kwa chumba cha kulala chenye mtoto mdogo, aluminiamu inakurahisishia suala la mbu.

Ambavyo sivifikirii mara mbili

Nyaya, soketi na swichi: vipya. Mabomba ya chuma ya maji: mapya ya plastiki, kwa kuwa ya zamani yamejaa kutu kwa ndani hata yakionekana mazima. Nondo zilizonyooshwa baada ya kupinda zisiingie kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) wala nguzo ya zege. Zinatosha kwa geti na grili. Choo cha kuvuta cha zamani kinaonekana imara, lakini matangi mengi ya zamani humwaga lita 9 au zaidi kila ukivuta, wakati ya vitufe viwili humwaga takriban lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa. Kwa bei ya maji ya boza, kile cha bure kinakuwa ghali haraka. Sinki la zamani la kauri lisilo na ufa ni zuri, lichukue.

Viwili usivinunue kwa bei yoyote. Cha kwanza ni mabati ya asbesto, yale ya kijivu mazito, ambayo sumaku haiyashiki na ukiyagonga hayalii kama chuma. Nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu huleta saratani, na huachiliwa pale yanapovunjwa, kukatwa au kusuguliwa. Yakiwa kwenye lundo, ondoka. Cha pili ni chuma chenye asili ya reli, alama za barabarani au miundombinu yoyote ya umma. Mataruma na vipande vya reli havina muuzaji halali pembeni ya barabara, na anayekamatwa navyo ndiye anayejibu. Kwa mbao ngumu pia omba maandishi ya mauziano yanayotaja nyumba zilikotoka, maana ukizipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, utaulizwa kibali cha mazao ya misitu.

Namna ya kupiga hesabu

Usilinganishe bei ya mlango kwa mlango. Upande wa vya zamani jumlisha bei, usafiri, kusafisha, ufundi wa ziada, na vitakavyoharibika njiani na kazini. Upande wa vipya jumlisha bei, usafiri, na marekebisho ya mwaka wa kwanza mbao ikianza kucheza. Kwa milango ya mbao ngumu, hata ukijumlisha yote hayo, sijaona mpya wa ubora uleule ukiushinda wa zamani. Kwa bati matokeo ni kinyume: ukishaondoa vipande vilivyokatwa na kuongeza lami, tofauti inabaki ndogo mno kuihangaikia.

Na kuna muda. Dukani unapata unachotaka leo. Bomoabomoa unapata kilichopo, na huenda wiki nzima kisiwepo. Kama unataka kuhamia kabla ya Desemba, anza kutafuta milango na boriti mwezi wa tano mvua zikikatika, viweke chini ya turubai juu ya matofali visiguse ardhi, msingi uchimbwe ukishavipata. Kama fundi ameshaanza kupandisha ukuta na huna hata fremu moja uani, safari hii nenda tu dukani, na mwombe seremala mbao zilizokaa kwenye karakana yake muda mrefu kuliko zote.